Mbwa wa Kulinda Nyumba: Rottweiler au Boerboel?

Leo twaacha kidogo habari za mbolea na hesabu za duka, tuzungumze habari za mbwa. Najua wako watakaocheka. Lakini kwanza sikiliza barua iliyotujia kutoka kwa mama mmoja wa nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, si mbali na Makambako.

Mama huyu ana mashine ya kusaga nafaka, na nyumba yake iko nyuma ya mashine. Mara mbili katika mwaka mmoja wezi wamevunja kufuli. Mara ya kwanza walichukua dizeli. Mara ya pili walichukua mkanda wa mashine pamoja na magunia manne ya mahindi ya watu, na mahindi hayo ilimbidi ayalipe yeye. Mumewe amekwisha kufariki, naye anakaa na wajukuu wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miaka saba. Sasa amekusudia kuuza mtamba wake mmoja ili anunue mbwa mkubwa. Wachuuzi wamemtajia majina mawili: Rottweiler, ambaye sisi twaweza kumtamka Rotwaila, na Boerboel, yaani Burbuli. Mama auliza: "Yupi kati yao ni mkali zaidi, nisije nikapoteza fedha yangu?"

Mtamba si mali ndogo. Mbwa naye akiingia nyumbani hukaa miaka tisa au kumi, akila kila siku na kulala karibu na watoto. Kwa hiyo tutaichukua barua hii kuwa somo letu lote la leo, na wewe msomaji, hata kama huna mashine wala mtamba, jiweke mahali pa mama huyu.

Yafaa kwanza tujue mbwa hawa wametoka wapi, maana kazi waliyoifanya mababu wa mbwa huonekana katika tabia yake mpaka leo.

Rottweiler ni mbwa wa Ujerumani. Jina lake limetoka katika mji wa Rottweil, ulio kusini magharibi mwa nchi hiyo. Zamani mji huo ulikuwa soko la ng'ombe, na wachinjaji wake walifuga mbwa wenye nguvu wa kuswaga makundi kutoka mashambani mpaka sokoni, na wa kuvuta vigari vya nyama. Yasimuliwa kwamba mchinjaji akiisha kuuza ng'ombe zake, alikuwa akifunga mfuko wa fedha shingoni mwa mbwa wakati wa kurudi nyumbani, kwa kuwa hapakuwa na mwizi wa kuthubutu kunyosha mkono hapo. Zilipokuja reli katika karne ya kumi na tisa, ng'ombe wakawa wanasafirishwa kwa gari moshi, na kazi ya mbwa huyu ikaisha. Karibu atoweke kabisa. Waliomwokoa ni polisi. Mwaka 1910 alikubaliwa rasmi huko Ujerumani kuwa mbwa wa polisi, na mwaka 1921 kikaundwa chama kikuu cha wafugaji wake, ambacho hata leo ndicho kinachotunza daftari la ukoo wa mbwa hao.

Sasa fikiri. Mbwa wa kuswaga ng'ombe, na baadaye mbwa wa polisi, sharti aende pamoja na mtu. Hungoja amri, hutazama uso wa bwana wake, huitwa akarudi. Kwa vizazi vingi asiyefanya hivyo hakuachwa azae. Ndiyo maana Rottweiler hufundishika upesi, na hupenda sana kuwa karibu na mtu wake, hata humwegemea miguuni kwa uzito wake wote, na usipokuwa mwangalifu huanguka.

Boerboel ni wa Afrika ya Kusini. Katika Kiafrikaans neno "boer" maana yake ni mkulima, na ndilo lililotupa sisi neno "kaburu". Kwa watu wa umri wa wazazi wetu neno hilo halisikiki vizuri masikioni, na sababu zake twazijua wote. Walakini mbwa hakuchagua bwana wake. Waholanzi walipotia nanga Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652 walianza kuleta mbwa wakubwa wa Ulaya, na baadaye Waingereza wakaleta wa kwao. Mbwa hao wakachanganyika huko mashambani. Shamba moja lilikuwa mbali na jingine, mara nyingi mwendo wa saa nyingi kwa farasi. Bwana wa shamba akisafiri, mbwa alibaki na watoto na mifugo, akakabili chui, fisi na wezi bila ya mtu wa kumwambia afanye nini.

Watu walipohamia mijini mbwa hawa walipungua, na waliobaki walizidi kuchanganyika na mbwa wengine. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 wafugaji wachache walizunguka nchi wakitafuta waliobaki wa asili, na mwaka 1983 wakaunda chama cha kuwatunza na kuwaandikisha. Kwa hiyo Boerboel ni wa kale kwa damu, lakini daftari lake ni changa. Huko Marekani chama kikuu cha mbwa kilimwingiza katika kundi la mbwa wa kazi mwaka 2015 tu.

Hapo umekwisha kuona tofauti iliyo kubwa kuliko rangi na kimo. Rottweiler ni mbwa wa kungoja amri. Boerboel ni mbwa wa kuamua mwenyewe. Kwake ua ni wake, watu wa ndani ya ua ni wake, na mgeni ni mtu wa kupimwa. Mwenye nguvu na uzoefu wa mbwa hufurahia sana akili hiyo. Asiye na uzoefu huona tu kwamba amemwita mbwa mara tatu, na mbwa amemtazama kama mzee anayesumbuliwa.

Tuje kwenye miili yao. Rottweiler dume husimama sentimita 61 hadi 68 mabegani, na uzito wake ni karibu kilo 50. Jike ni sentimita 56 hadi 63 na kilo 42 hivi. Rangi ni moja tu: mweusi, mwenye alama za kahawia juu ya macho, mashavuni, kifuani na miguuni. Ukiletewa "Rottweiler mwekundu" au "mweupe", rudisha fedha yako mfukoni. Boerboel kwa kimo hampiti sana, lakini ni mnene na mpana zaidi. Dume hufika kilo 60 hadi 80, na wengine huzidi hapo. Rangi yake kwa kawaida ni ya udongo, nyekundu, kahawia au ya mchanga, na wengi wana uso mweusi.

Mama wa Makambako asiupite upesi uzito huo. Mbwa wa kilo 70 akiona mbuzi upande wa pili wa barabara na akaamua kwenda, je, wewe unayeishika kamba una kilo ngapi?

Kisha kuna chakula. Rottweiler mzima wa kilo 50 huhitaji nguvu ya chakula inayokaribia ile ya mtu mzima, na Boerboel mkubwa huhitaji kupita mtu mzima wa kawaida. Kwa chakula kikavu, kabla hakijapikwa, fikiri kilo kasoro robo au pungufu kidogo kwa Rottweiler kila siku, na karibu kilo moja kwa Boerboel mkubwa. Kwa mwezi hiyo ni kama kilo 20 kwa mmoja na kilo 25 hadi 30 kwa mwingine. Tena isiwe unga mtupu. Mbwa huhitaji nyama, dagaa, damu, mayai au maharage yaliyopikwa vizuri. Dagaa wa chumvi nyingi waoshwe kwanza.

Hapa nina neno maalum kwa wenye mashine za kusaga. Usidhani kwamba kwa kuwa pumba ziko bure basi mbwa amepata riziki. Pumba hujaza tumbo tu. Hatari iliyo kubwa zaidi ni mahindi yaliyoota ukungu. Watu wengi wakiona mahindi yameharibika husema, "Haya ya mbwa." Kumbe ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo huharibu ini, na mbwa ni mmoja wa wanyama wanaodhurika nayo kwa urahisi. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, sumu hiyo ndani ya mahindi iliua watu 125. Mahindi yasiyofaa kwa mjukuu hayamfai mbwa pia.

Kitoto cha mbwa wa aina hizi kisinoneshwe. Wengi hupenda kuona kitoto kimekuwa kama pipa, wakakisifu. Mifupa yake hukua upesi kuliko inavyoweza kukomaa, na uzito ukizidi viungo huharibika, hasa kile cha nyonga. Usikirundikie unga wa mifupa kwa kufikiri kwamba utaongeza nguvu, wala usikirushe rushe juu ya ngazi na kuta kabla hakijapita mwaka. Mbwa mzima naye apewe chakula mara mbili kwa siku, si mara moja kwa wingi, na asikimbizwe mara baada ya kula. Mbwa wa vifua vipana hupatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda, na ukiona tumbo limevimba ghafula naye ajaribu kutapika bila kutoa kitu, una saa chache tu za kumfikisha kwa daktari wa mifugo.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe la mama: "mkali".

Nilipokuwa nikisomea diploma nilipanga chumba kwa bwana mmoja aliyekuwa na mbwa mkubwa sana, jamii ya hawa tunaowazungumza. Mchana mbwa alifungwa mnyororo wa mita mbili nyuma ya nyumba, usiku alifunguliwa. Bwana yule alikataza mtu ye yote asimzoee, na mtoto wa jirani akimtupia jiwe mbwa kupitia matundu ya ukuta, yeye alicheka, akasema, "Mwache, ukali unaingia." Kwa miezi mingi tuliona kweli kwamba hakuna aliyesogea. Kisha usiku mmoja mpwa wake, kijana wa miaka kumi na miwili, alifika kutoka shamba kwa basi lililochelewa, akafungua lango alilolizoea tangu utoto wake. Sisi wapangaji tulitoka na viti na ndoo za maji. Mbwa hakuachia mpaka bwana mwenyewe alipofika, na hata yeye hakutiiwa mara moja. Mkono wa yule kijana ulipona, lakini vidole viwili havikunji mpaka leo. Mbwa aliuawa asubuhi yake. Wezi hawakupata kuja wala siku moja. Aliyekuja ni ndugu.

Kwa hiyo mama, ukali wa namna hiyo wapatikana kwa mbwa ye yote, hata wa kienyeji, kwa mnyororo, njaa na mawe, na hauna bei. Unachotaka kununua ni mbwa mtulivu, anayejua mtu wa nyumbani na mgeni, na mwenye umbo la kumfanya mwizi aghairi akiwa bado nje ya ukuta. Mwizi hapimi meno. Hutazama kichwa na kifua, na husikia sauti. Kwa kazi hiyo wote wawili wanatosha kabisa.

Utulivu huo hujengwa mapema. Kitoto cha mbwa kikiwa na umri wa tangu wiki tatu mpaka wiki kama kumi na nne, kila kinachokiona bila kudhurika hukihesabu kuwa ni jambo la kawaida la dunia. Wakati huo kionyeshwe watoto, wazee wenye bakora, wanawake wenye mizigo kichwani, baiskeli, pikipiki, mbuzi, kuku, mvua na mwavuli. Kwa mwenye mashine, kisikie na mngurumo wa injini. Kisichoyaona hayo kikikua huogopa, na mbwa wa kilo 60 aliyeogopa ni hatari kuliko aliyekasirika. Kitoto kisiondolewe kwa mama yake kabla ya wiki nane, maana kwa mama na ndugu zake ndiko hufundishwa kuuma kwa kiasi.

Wajukuu nao wafundishwe. Mtoto asimguse mbwa anayekula au aliyelala, asimpande mgongoni, wala asikimbie akipiga kelele mbele yake. Na mtoto wa miaka minne asiachwe peke yake na mbwa mkubwa, hata dakika tano, hata kama mbwa ni mpole kama kondoo. Rottweiler hana haja ya nia mbaya ili amwumize mtoto. Akigeuka tu kwa furaha humwangusha.

Tena mbwa awe na ua imara wa kimo cha kumpita mtu, na lango linalofungwa. Mnyororo wa kudumu hauwi badala ya ua. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo inamtaka mwenye mnyama asimtese wala kumnyima mahitaji yake. Nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi: Denmark mwaka 2010 ilipiga marufuku Boerboel pamoja na mbwa wa aina nyingine kumi na mbili, na huko Ireland Rottweiler hatembezwi hadharani bila ukanda na kifungo cha mdomo. Sisemi tuige yote. Nasema wenzetu waliowafuga kwa wingi wamepata sababu ya kuwaogopa katika mikono ya watu wazembe.

Wale mnaokaa pwani, Tanga au Lamu au Unguja, mnajua kwamba jirani Mwislamu akiguswa na mate ya mbwa anapokwenda sala ana taabu ya kujitahirisha mara saba, na moja kwa udongo. Dini haikatazi mbwa wa kulinda mali na mifugo. Lakini mbwa wako akizurura njiani mpaka mlangoni mwa msikiti, kosa ni lako wewe mwenye mbwa, wala usiseme jirani ana chuki.

Na pwani kuna joto. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Rottweiler ni mweusi na ana manyoya ya tabaka mbili. Boerboel ana manyoya mafupi, na watu husema kwa sababu hiyo huvumilia jua, lakini unene wake huhifadhi joto kama sufuria kubwa isiyopoa upesi. Katika Dar es Salaam au Mombasa wote wawili wahitaji kivuli cha siku nzima na maji tele, na mazoezi yawe alfajiri au usiku. Mbwa akihema bila kukoma, ufizi ukawa mwekundu sana na miguu ikayumba, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, umpeleke kwa daktari. Makambako, Njombe, Nakuru au Eldoret shida hiyo ni ndogo. Mahali penye mbung'o, lakini, nisingempeleka mbwa wa kigeni hata mmoja, kwa kuwa nagana humwua mbwa kama inavyomwua ng'ombe.

Kuhusu maradhi mengine nitasema machache yanayohusu uchaguzi wetu. Wote wawili hupatwa na ubovu wa kiungo cha nyonga, nao hurithiwa. Mfugaji mwaminifu hupiga wazazi picha ya mifupa na yuko tayari kukuonyesha. Vitoto vya Rottweiler hudhurika kuliko vya aina nyingi kwa ugonjwa wa kuhara damu uitwao parvo, hivyo chanjo zake zisikosekane wala zisichelewe. Na Rottweiler aliyezeeka aghalabu hupatwa na saratani ya mifupa. Boerboel wengi wana kope zinazokunjika na kukwaruza jicho, basi tazama macho ya kitoto na ya mama yake. Kupe huleta homa kwa wote, nao waondolewe kila wiki kwa dawa na kwa mkono.

Liko jambo moja ambalo si la uchaguzi. Kichaa cha mbwa kikisha kuonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa. Karibu kila aliyefika hapo hufa. Na katika kila watu mia wanaokufa kwa ugonjwa huo duniani, wapatao 99 waliupata kwa mbwa. Mpe mbwa wako chanjo afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka, na tunza cheti. Siku ya tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya kufa kwake Louis Pasteur, aliyegundua chanjo hiyo, mahali pengi hutolewa chanjo bure. Ulizia kwa bwana mifugo wa kata yako. Mtu akiumwa na mbwa ye yote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili, kisha aende hospitali siku ile ile, si kesho.

Na machinjioni: usimpe mbwa mapafu wala maini mabichi yenye malengelenge ya maji. Ndani yake mna minyoo midogo, ambayo mbwa huirudisha kwa watoto kwa njia ya kinyesi, na kwa mtu huota uvimbe mkubwa tumboni au mapafuni. Watu wa Turkana na Wamaasai wameujua ugonjwa huo kwa muda mrefu. Chemsha kabisa, au fukia.

Haya, twende tukanunue. Usinunue mbwa barabarani wala kwa picha ya simu. Nenda nyumbani kwa mfugaji, umwone mama wa vitoto. Mama akiwa mwoga anajificha, au anataka kukurukia hata mwenyewe akiwapo, ondoka, hata kama umelipa nauli ya mbali. Keti kimya uangalie vitoto. Usichague kinachowapanda wenzake wote, wala kile kilichojikunyata pembeni. Chukua kinachokuja kukunusa, kikiondoka kirudi. Boerboel kwetu ni wachache na bei yake ni kubwa, kwa hiyo mbwa mchanganyiko huuzwa kwa jina hilo kila siku. Asiye na karatasi za wazazi usimlipie bei ya mwenye karatasi. Rottweiler wamekwisha kuwa wengi katika miji yetu, na ni rahisi zaidi kumwona baba na mama kwa macho yako. Ikiwa hutaki kuzalisha, mhasi. Na madume mawili makubwa usiyaweke ua mmoja.

Sasa jibu la mama.

Kama ungekuwa na shamba kubwa lenye uzio, mbali na barabara, na mwanamume au kijana mwenye nguvu aliyekwisha kufuga mbwa wakubwa, ningesema Boerboel bila kusita. Kwa kazi hiyo simwoni wa kumshinda. Lakini mashine ya kusaga ni mahali pa watu. Kutwa nzima wanakuja wanawake na watoto na madebe, hawabishi hodi, wengine ni wageni wa kijiji cha pili. Boerboel atakuwa na kazi ya kuwapima wote hao, na siku moja atakosea hesabu. Nawe una wajukuu wadogo, na mbwa huyu atakuwa wa kwanza kwako. Kwa hali hiyo nakushauri Rottweiler, na awe jike. Ni mwepesi kwa kilo nyingi, husikiliza zaidi, na gunia la unga litachukua siku nyingi zaidi. Mchana akae katika ua wa nyuma, mbali na foleni ya wateja. Jioni, mashine ikifungwa, umpe chakula chake kwa mkono wako, umfungulie azunguke. Wezi hutupa nyama yenye sumu; mbwa aliyeshiba mapema, anayelala ndani ya uzio karibu na mlango wa mashine badala ya kandokando ya barabara, si rahisi kumfikia.

Pamoja naye weka mbwa mmoja mdogo wa kienyeji. Najua fedha imekwisha, lakini huyo utapewa bure na jirani. Mbwa wa kienyeji ana usingizi mwepesi, naye ndiye atakayesikia hatua za mtu kwanza. Yule mkubwa atafuata sauti yake.

Walakini kitoto cha wiki nane hakilindi kitu. Itapita mwaka na zaidi kabla hajawa mbwa wa kutisha mtu, na katika muda huo wezi hawatakungoja. Kwa hiyo usiuze mtamba kesho. Chukua kwanza fedha kidogo uliyo nayo, ununue komeo la chuma la kupita mlango mzima, taa ya jua ya kuning'inia juu ya mlango wa mashine, na kufuli mbili za namna mbalimbali. Mkanda wa mashine uvue kila jioni, ulale nao chumbani. Mahindi ya watu yasilale kwenye mashine. Yasiyosagwa siku ile yarudi na mwenyewe, au yaandikwe daftarini na kufungiwa nyumbani. Kisha pika chakula cha mbwa kwa hesabu: tenga kila siku kilo kasoro robo ya unga na dagaa, uweke kando kwa mwezi mmoja kana kwamba mbwa yupo, uone kama nyumba inastahimili. Ikistahimili, uza mtamba. Isipostahimili, baki na mtamba wako, na yule wa kienyeji, na komeo.

Utuandikie tena, mama, utuambie ulivyoamua. Juma lijalo, saa hii hii, bwana mifugo atakuwapo hapa nasi kueleza namna ya kukihesabu chakula cha kuku wa mayai. Kwaherini.